Kufuata Kinyigu: Siku 19 kwa Basi, Njombe hadi Grabouw na Kurudi

Wenzangu wa kikundi cha wakulima wananidai simulizi hii tangu niliporudi. Nimechelewa kwa sababu njiani niliandika kwenye daftari la hesabu la mwanangu, naye akalirudisha shule kabla sijanakili. Limepatikana, likiwa na alama ya vyema juu ya nauli za Zambia. Picha nazo ni mia nne na ushee, nusu yake majani na vidole vyangu.

Kilichonitoa nyumbani ni vidukari, vijidudu vinavyofyonza utomvu wa miti; kinyigu, yaani nyigu mdogo sana anayewaua, nilikuja kukijua huko huko. Nina ekari mbili na nusu za matufaa juu kidogo ya mji wa Njombe, nyingi za aina ya Anna na chache za Dorsett Golden za kuchavushia. Msimu uliopita nilipiga dawa mara saba. Wale wa kijani wanaokunja majani kwenye ncha za matawi walikuwa wanakufa, baada ya wiki mbili wanarudi wengi kuliko mwanzo. Wale wengine, wanaojifunika pamba nyeupe kwenye magome na kwenye makovu ya kupogolea, hata hawakushtuka. Dawa inateleza juu ya ile pamba kama maji juu ya jani la gimbi. Utamu wanaoutoa ukadondokea matunda, ukaota ukungu mweusi, na mnunuzi wangu wa Makambako akaanza kuyaita "matufaa ya mkaa". Nikirudi duka la pembejeo nauziwa chupa kali zaidi kwa bei kubwa zaidi.

Binamu yangu anaendesha lori la matunda huko Cape Town. Akanitumia ujumbe wa sauti: "Kaka, huku miti ya matufaa haina mwisho, na siwaoni wakishinda na pampu mgongoni kama wewe. Njoo uone wanafanyaje." Mke wangu akasema niende nikaone, mradi nisirudi na chupa nyingine.

Siku ya 1, Jumatatu 9 Februari 2026. Njombe hadi Tunduma

Ukungu wa Njombe ulitusindikiza hadi karibu na Makambako. Basi hadi Mbeya 18,000, kisha kosta hadi Tunduma 9,000. Pale Uyole kijana alisogeza beseni dirishani: "Epo, epo, mzee, epo tamu!" Nikanunua moja kwa buku. Lina kibandiko cha Afrika Kusini. Mimi nina mfuko wa matufaa kumi na mawili ya shambani kwangu miguuni, nasafiri kwenda nchi iliyotoa hili ninalolila, nimelinunua umbali wa saa chache kutoka kwenye miti yangu. Aprili 2025 serikali ilipozuia mazao ya kilimo ya Afrika Kusini tulishangilia, tukadhani soko limekuwa letu. Zuio lilidumu siku chache tu, na hata lingedumu, matufaa ya mkaa nani angeyanunua?

Nililala Tunduma, gesti 20,000, malori yakiunguruma usiku kucha kama yamepaki chini ya kitanda.

Siku ya 2 na ya 3. Nakonde hadi Lusaka

Mpaka wa Tunduma na Nakonde sasa unashughulikiwa pamoja, dakika arobaini nikawa nimemaliza. Kadi ya homa ya manjano iliangaliwa hapa, na iliangaliwa tena kila mpaka, kwa hiyo usiifukie chini ya begi. Saa ya Zambia iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Mwenzangu mmoja alibaki nje ya geti akisubiri ofisi ya kubadilishia fedha ifunguliwe huku akilaani uvivu wa watu wasio na kosa.

Nauli hadi Lusaka kwacha 450, kilomita zinakaribia elfu moja. Barabara ya Nakonde hadi Mpika ina vipande ambavyo dereva anachagua shimo la kuingia, maana kukwepa haiwezekani. Saa tano usiku, kabla ya Mpika, mkanda wa injini ukakatika. Hakuna taa, hakuna mtandao, mvua inanyesha. Mama mmoja aliyekuwa amekaa nyuma yangu alifungua ndoo ya karanga za kuchemsha alizokuwa anapeleka kuuza, akaanza kutugawia viganja viganja. Tulipotaka kulipa akatikisa kichwa. Nilimpa matufaa mawili. Aliyanusa kwanza, akayageuza, akaniuliza kwa Kiingereza kama kweli yanaota Tanzania.

Fundi alikuja saa moja asubuhi kwa baiskeli, mkanda mpya ameuvaa begani kama mkufu. Lusaka tuliingia jioni. Siku ya 4 nililala, nikafua, nikala nshima na kapenta, yaani ugali na dagaa wa kwao, mara mbili.

Siku ya 5. Chirundu

Lusaka hadi Harare dola 30. Barabara inateremka milima kwenda bonde la Zambezi kwa kona ambazo malori yanazipita kwa mwendo wa kinyonga, na ukifika chini joto linakupokea kama mlango wa tanuri. Chirundu ni kituo cha pamoja tangu 2009, cha kwanza cha aina yake Afrika: unagongewa mihuri ya nchi mbili ndani ya jengo moja.

Ukienda Zimbabwe, beba dola ndogondogo, za moja moja na tano tano, tena safi. Mimi nilikuwa na noti za 50, na kila muuzaji alikosa chenji. Kijana wa Harare niliyekaa naye alinilipia maji, sadza (ugali wao) na hata choo, akiandika deni kwenye kiganja chake kwa kalamu. Tulipofika stendi ya Harare saa tatu usiku akanitembeza hadi duka lenye chenji, akafuta kiganja kwa mate, akaondoka.

Siku ya 6 na ya 7. Beitbridge hadi Johannesburg

Harare hadi Johannesburg dola 45. Hapa ndipo matufaa yangu yalipokwisha. Matunda hayavuki Beitbridge kiholela, na konda alitangaza mapema kwamba mwenye tunda alile au alitupe. Nilikuwa nimebakiza kumi. Nilitaka sana kuwaonyesha wakulima wa kule, lakini nikasimama katikati ya basi nikagawa. Babu mmoja alimaliza lake hadi kokwa, akasema ni tamu ila ngozi ina masizi. Hata ugenini!

Foleni ya mpakani saa nne na nusu. Wakati tunavuka Limpopo nilikuwa nimelala nimesimama.

Siku ya 8 na ya 9. Johannesburg hadi Cape Town

Randi 780, kilomita 1,400, jangwa la Karoo lote usiku. Sina cha kusema. Binamu alinipokea na mkate mrefu wenye chipsi na nyama ndani, wanauita Gatsby, unatosha watu wanne. Tuliula wawili. Siku ya 10 sikuinuka.

Siku ya 11. Kuingia Grabouw

Grabouw iko kilomita 70 hivi mashariki ya Cape Town, kwenye bonde la Elgin, ng'ambo ya mlima. Unapanda kwa barabara ya N2, upande mmoja bahari, ukivuka kileleni unaliona bonde lote limepangwa mistari ya miti. Miti mifupi, imefungwa kwenye waya kama nyanya. Ilikuwa msimu wa kuchuma, matrekta yanavuta makreti makubwa ya mbao.

Getini mwa shamba tulilokubaliwa kutembelea, mlinzi alinisikia nikiongea na binamu. "Eh, ndugu, unasema Kiswahili? Karibu sana! Miye ni wa Bukavu." Jamaa ana miaka kumi pale, anajua Kiingereza na Kiafrikaans cha kuombea maji na cha kugombania mshahara. Alimwomba msimamizi ruhusa, akawa mkalimani wangu siku tatu kila alipotoka zamu. Nilitaka kumlipa akasema nimpigie simu nikifika nyumbani, anataka kusikia jogoo wa kwetu. Nimeshampigia. Jogoo amesikika.

Kabla ya kuingia shambani tulikanyaga sponji yenye dawa ya kuua vimelea kwenye viatu. Sisi kwetu tunaingia shamba la jirani na matope ya shamba letu, na hatuoni shida.

Siku ya 12. Tannie

Mkaguzi wa wadudu ni mama wa miaka kama sitini, kofia pana, ndoano ndefu ya kushushia matawi. Kila mtu anamwita Tannie, yaani shangazi, nami nikamwita hivyo. Kazi yake si kupiga dawa. Kila wiki anapita vitalu vile vile, anakagua miti kadhaa katika kila kitalu, anaandika kwenye karatasi. Msimamizi haagizi dawa mpaka asome karatasi ya Tannie.

Alinipeleka kwenye mti wenye pamba nyeupe shinani, ndugu kabisa na ya kwangu. Akapitisha ukucha, akaponda, akanionyesha kidole: chekundu. "Bloedluis," akasema. Mkalimani akakuna kichwa, halafu: "Chawa wa damu." Miaka minne nimepigana nao na sikuwahi kumponda hata mmoja nikatazama.

Kisha akanipa lenzi yake ya mkononi na kunielekeza ukingo wa ile pamba. Palikuwa na vidukari vyeusi, vikavu, vimevimba, havina pamba tena, kama punje za pilipili manga. Vingi vina tundu mgongoni, la duara safi, kama limetobolewa kwa sindano ya moto. Tulihesabu 31 kwenye kovu moja. 19 walikuwa weusi.

Aliyetoboa lile tundu ni kinyigu kinachoitwa Aphelinus mali, urefu wake kama milimita moja. Jike anamchoma kidukari na kuacha yai moja ndani. Funza anamla kidukari kutoka ndani, ngozi inageuka nyeusi, na mtoto anapokomaa anatoboa mgongo na kutoka. Kidukari huyu asili yake Amerika Kaskazini, na kinyigu pia. Kidukari kilisambaa duniani kwa miche ya matufaa, kinyigu kikabaki nyumbani, na watu wakalazimika kukifuata. New Zealand walikipeleka 1921, na nchi nyingi zinazolima matufaa zikafanya hivyo baadaye.

Nilikiona kimoja kikiwa hai. Kilikuwa kinatembea juu ya gome, kinasimama, kinagusa kwa vipapasio, kinaendelea, kama mama sokoni anayeminya maembe. Nilikitazama hadi shingo ikakakamaa. Tannie alikaa kwenye kreti akala mkate wake.

Nikamuuliza: sasa mbona kwangu ninapopiga dawa wanaongezeka? Akacheka, akaniuliza dawa gani. Nilipotaja ya kundi la klopirifosi, sumu inayoua wadudu wa kila aina, akaweka mkate chini na kunieleza. Kidukari kipo ndani ya pamba, na wengine wako mizizini chini ya udongo. Kinyigu kinatembea juu juu, hakina nguo. Ukipiga, anayekufa kwanza ni nani?

Siku ya 13. Msimamizi na mizizi

Msimamizi ni mtu wa maneno machache na dakika chache. Hakunificha kwamba dawa wanazo na wanazitumia ikibidi, ila wanachagua. Umoja wa Ulaya ulikataa kuendelea kuruhusu klopirifosi mwaka 2020, na mnunuzi wa Ulaya anapima mabaki kwenye tunda, kwa hiyo njia mbadala ni biashara. Kitu kilichowasaidia zaidi kwa vidukari, alisema, ni kupunguza dawa za nondo, wale vipepeo wa usiku ambao funza wao hutoboa matufaa. Kwenye matawi kumefungwa vikamba vya plastiki vinavyotoa harufu ya nondo jike, dume anazunguka mstari mzima bila kumpata mwenzi. Nondo wakipungua, dawa kali inapungua, na kinyigu kinabaki hai. Mimi nilikuwa nafikiria kila mdudu na dawa yake, kama wagonjwa wa vitanda tofauti.

Akanionyesha pale mti ulipobebeshwa, yaani aina ya tunda ilipounganishwa na shina la chini la mti mwingine: uvimbe juu kidogo ya udongo. Kinyigu hakishuki mizizini, na huko chini vidukari hufanya vinundu na kusubiri msimu wa joto wapande tena. Kwa hiyo shina la chini lenyewe lazima liwe gumu kwao. Waingereza walichukua tufaa la zamani liitwalo Northern Spy, ambalo vidukari vya pamba havilipendi, wakazalisha kutoka kwake mashina ya chini: MM106, MM111, na Merton 793 ambalo hapa Rasi, yaani eneo hili la Cape, linatumika sana. M9, ambalo ni maarufu kwa kufupisha mti, halina kinga hiyo. Mimi miche yangu niliinunua kando ya barabara. Imebebeshwa juu ya nini? Sikuwahi kuuliza, na sidhani kama muuzaji aliwahi kuulizwa.

Ukienda kununua miche, uliza jina la shina la chini kabla ya kuuliza bei. Asipojua, ondoka.

Mambo mengine niliyaokota kwa kutembea. Sisimizi wanawalinda vidukari ili wanywe ule utamu. Wakulima wa kule wanazungushia shina utepe wenye gundi, tena gundi inapakwa juu ya utepe, si juu ya gome. Lakini jani moja la gugu likigusa tawi, sisimizi wamepata daraja. Machipukizi ya shinani yanang'olewa, ndiyo hoteli ya vidukari. Samadi na yurea zinapimwa, kwa sababu mti ulionenepeshwa hutoa matawi laini na kidukari anapenda laini. Na Tannie alifungua kipande cha boksi chenye mikunjo kilichofungwa shinani, wakamwagika wadudu wa kahawia wenye koleo mkiani, ambao mimi nyumbani huwakanyaga. Usiku wanapanda kula vidukari. Akawarudisha mmoja mmoja kama vifaranga.

Siku ya 14. Nilichokifanya usiku

Hii sikutaka kuiandika. Jioni ya siku ya 13, watu wakiwa wameelekea kwenye trekta, nilikata kijiti chenye punje nyeusi nyingi nikakitia kwenye kifuko cha miwani. Nilijiambia ni vinyigu vichache tu, vitatoka vikiwa Njombe, nani ataumia?

Usiku, kwa binamu huko Bellville, nilikifungua kuangalia kwa lenzi ambayo Tannie alinipa. Kwenye kitambaa cha miwani walikuwa wanatembea watoto wa vidukari, wekundu-kahawia, wadogo kama vumbi, zaidi ya ishirini. Na asubuhi ile ile msimamizi alikuwa ameniambia jambo nililolipitisha sikio la pili: tangu 1968 watafiti wa Rasi waliripoti vidukari vinavyoweza kuishi hata kwenye mizizi ya Northern Spy na ya Merton. Maana yake nilikuwa nataka kuwaletea wenzangu kidukari kinachoshinda kinga ambayo hata hatujaipanda bado.

Nilikitumbukiza kijiti na kitambaa kwenye maji yanayochemka, sufuria ya binamu. Asubuhi akaniuliza kwa nini sufuria inanuka miti. Nikasema nilichemsha dawa ya kikohozi.

Njia halali ipo: mdudu rafiki anaingizwa kwa kibali cha mamlaka ya afya ya mimea, TPHPA, pale Arusha, akiwa ametoka maabara safi. Ni safari ndefu ya makaratasi, na inafaa iombwe na kikundi, si mtu mmoja.

Siku ya 15 hadi ya 19. Kurudi

Johannesburg nilipata basi la moja kwa moja hadi Tunduma, randi 2,200. Miguu ilivimba. Safari nzima na chakula imenigharimu milioni moja na laki tatu hivi. Zile dawa za mara saba, pamoja na kibarua wa kupiga, zilikuwa laki tisa na kitu, na zile hazikunipa hata karanga.

Nimeingia nyumbani saa mbili asubuhi. Kabla ya chai nilichukua lenzi nikaingia mistari ya shamba. Pamba tele, sisimizi wengi, punje nyeusi zenye tundu sikuona hata moja.

Nyuma ya jiko kuna mti mmoja wa Anna. Huo hatujawahi kuupiga dawa kwa sababu mama anaanika dagaa chini yake. Ncha zake zina vidukari vya kijani, si vingi. Kwenye jani moja lililokunjamana kulikuwa na kifunza cha kijani kisicho na miguu, cha aina ambayo siku zote nilikiponda nikidhani ndicho kinachokunja jani. Tannie alikuwa amenionyesha wa namna hiyo Grabouw. Ni mtoto wa wale inzi wa maua wenye mistari ya manjano kama nyuki. Nilisogeza lenzi. Kilikuwa kimemwinua kidukari hewani, miguu inapapatika, kinamfyonza. Mwisho ikabaki ngozi tupu. Kikaitupa, kikaanza kupapasa kutafuta mwingine.

Mama akatoka na ungo wa dagaa, akaniuliza kama nimesharudi au bado niko safarini. Nikamwomba aanike upande wa pili.